Ligi ya Wanawake Isiwe Mali ya Wawili

Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania Bara ilianza katika msimu wa 2016/17, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa Mkoa wa Pwani, isiyo na jeshi wala klabu kongwe nyuma yake. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, kombe hilo limepokezanwa na timu mbili tu: JKT Queens mara nne na Simba Queens mara nne.

Hatusemi haya kwa kuzihusudu timu hizo. Zimeliletea taifa heshima. Mwaka 2022 Simba Queens ilitwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati, ikashika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika nchini Morocco. Mwaka uliofuata JKT Queens nayo ikatwaa ubingwa huo wa kanda. Twiga Stars, iliyokuwa haijaonekana katika fainali za Afrika tangu 2010, ilirejea humo Julai 2025.

Hata hivyo, ni lazima tujiulize nguvu hiyo imetoka wapi. JKT ina jeshi la kuitunza na uwanja wake pale Mbweni. Simba ina jina na mashabiki wa klabu ya wanaume. Je, binti wa Wazo, wa Tegeta au wa Mbagala ana nini? Kilima cha Wazo kimetoa saruji ya kujengea jiji tangu miaka ya 1960, lakini majumba hayo hayo ndiyo yanayomeza viwanja vya watoto. Kiwanja kikishageuzwa maduka hakirudi tena.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani, jambo hili lina sura nyingine. Timu ya Women Fighters iliundwa Unguja mwaka 1988, miaka mingi kabla ya ligi ya Bara. Kwa hiyo vipaji havikukosekana. Kinachowazuia wazazi wengi ni hofu ya stara, na hofu hiyo haifai kubezwa, yafaa ijibiwe. Tangu 2014 sheria za kandanda duniani zimeruhusu mchezaji kufunika kichwa. Mzazi akihakikishiwa mwalimu mwanamke, vazi la heshima na usafiri wa kumrejesha bintiye kabla ya magharibi, atakuwa na sababu gani ya kukataa?

Tunawataka viongozi wa Kinondoni, Temeke na wilaya zote za Unguja na Pemba watenge kiwanja katika kila kata na kila shehia, wakiandikie hati, na wawape wasichana siku zao maalumu za kukitumia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole viwili havishiki jembe. Mlandizi ilithibitisha kwamba mji mdogo unaweza. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba haikuwa ya mwisho.