Kabla ya kualika wavuvi wa ndoana Meru, tulinde mto kwanza

UKIMUULIZA mfanyabiashara yeyote wa Arusha utalii ni nini, atakutajia Serengeti, Ngorongoro na Mlima Kilimanjaro. Vijito vinavyoteremka kutoka Mlima Meru na kupita kwenye mashamba yetu havimo katika hesabu hiyo. Kwa mtazamo wangu, hapo tunaacha fedha zipite, na mkulima wa mlimani ndiye anayepoteza zaidi.

Wapo watu Ulaya, Marekani na Afrika Kusini ambao likizo yao ni kuvua samaki kwa mshipi kwenye vijito vya milimani. Hawatumii nyavu wala chambo cha nyungunyungu. Wanatumia ufito mwepesi na ndoana iliyofungwa manyoya na uzi ili ifanane na mdudu anayeelea juu ya maji. Samaki wanayemtafuta zaidi anaitwa trauti, anayeishi kwenye maji baridi yanayokwenda kasi. Wengi wao wakishamkamata humrudisha majini akiwa hai, hivyo samaki mmoja anaweza kuwaingizia wenyeji kipato zaidi ya mara moja.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1905 trauti waliletwa Kenya kutoka Scotland na kupandikizwa kwenye mito ya milima ya Aberdare. Baadaye, wakati huo huo wa ukoloni, walipandikizwa pia kwenye baadhi ya mito ya milima ya Tanganyika, ikiwemo ya Kilimanjaro na Meru. Wenzetu wa Kenya hawakuishia kwenye kuvua. Kwa miaka mingi wamekuwa wakifunga kwa mikono vile vidudu bandia vya ndoana na kuviuza nje ya nchi, na kazi hiyo imewapa ajira akina mama wengi.

Sasa tujiulize, mgeni akitaka kuja kuvua kwa siku mbili upande wetu, safari yake itapangwaje?

Kwanza ni msimu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, vijito hujaa tope na njia huteleza. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, maji yakiwa yametulia na kuwa maangavu. Januari na Februari nayo yafaa. Bahati nzuri, Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ambayo wageni wengi huwa mjini. Aliyeshuka Kilimanjaro au kurudi Serengeti anaweza kuongeza siku moja au mbili kabla ya kupanda ndege KIA.

Pili ni vibali. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni ofisa uvuvi wa halmashauri. Kijito kikiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wenye kauli ni TANAPA. Kikiwa ndani ya msitu wa serikali, ni TFS. Kikipita kijijini, serikali ya kijiji ishirikishwe mapema, siyo mgeni akishafika na ufito mkononi.

Tatu ni kujua mto upi una samaki. Hili lisifanywe kwa kubahatisha. Mito ya Meru haifanani, na mingine, kama ile ya upande wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai, inajulikana kwa wingi wa madini ya floridi. Kila kijito kipimwe joto na ubora wa maji, na kikaguliwe kama kina samaki, kabla ya kutangazwa kwa mgeni yeyote.

Hapa natoa tahadhari. Asitokee mjanja wa kubeba vifaranga vya trauti na kuvimwaga kwenye kijito kipya. Trauti ni samaki wa kigeni anayekula samaki wadogo na wadudu wa asili, na wataalamu wa uhifadhi duniani wamemweka kwenye orodha ya viumbe 100 vamizi wanaoleta madhara makubwa. Pale alipo avuliwe. Pale ambapo hayupo, asipelekwe. Anayetaka kumfuga afuge kwenye bwawa lisilovujisha samaki mtoni, akiwa na kibali.

Faida iko wapi kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo? Wavuvi wanne wa siku mbili wanahitaji gari, mwongozaji anayeijua njia, mbeba mizigo, chakula cha mchana na pa kulala. Mayai, ndizi, mboga na maziwa vyote vinatoka kijijini. Vikundi vya utalii wa utamaduni, kama vya Ng'iresi na Mulala, tayari vina uzoefu wa kupokea wageni, hivyo hatuanzii sifuri. Lakini huu ni utalii wa watu wachache. Asiuze mtu ng'ombe wala kukopa ili ajenge nyumba ya wageni kwa ajili yake. Uwe ni kipato cha nyongeza juu ya kahawa, migomba na maziwa.

Tatizo letu kubwa ni mto wenyewe. Kiangazi kila mmoja anafungua mfereji wake, na kijito kinakauka kabla hakijafika kwa jirani wa chini. Wengine wanalima hadi kwenye kingo, wakati Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka ziachwe mita 60. Wengine wanaosha mabomba ya kupulizia dawa ndani ya maji. Baadhi ya dawa za nyanya na maharage huua samaki hata zikiwa kidogo sana.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo zinafuata shughuli nyingine. Maana yake mfereji hauruhusiwi kumaliza mto. Jumuiya za watumia maji, zikishirikiana na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, zipange zamu za umwagiliaji za kiangazi na kuzisimamia bila kuangalia sura ya mtu.

Wapo watakaosema mtu mwenye njaa hawezi kuachia maji samaki wa mzungu. Nawaelewa. Lakini maji yanayomfaa trauti, yaani baridi, safi na yanayotiririka mwaka mzima, ndiyo anayoyahitaji mkulima wa mboga wa Nduruma na mama anayechota ndoo huko chini. Mgeni asipokuja, mto utakuwa umebaki. Mto ukikauka, hata huyo mgeni hatakuja, na sisi tutabaki kugombania matope.