Gemu mbichi isiuzwe kwa bei ya iliyoiva

Mfanyabiashara wa Mpanda anayenunua mpunga ukiwa bado shambani halipi bei ya mpunga uliokwisha kujazwa magunia. Mvua inaweza kukatika, ndege wanaweza kushambulia, na hasara ni yake. Kwa hiyo bei hushushwa kufidia hatari hiyo. Mara nyingi mkulima hupunjwa katika mapatano ya aina hii, lakini kanuni yenyewe inaeleweka: kisichokamilika kina bei yake.

Kanuni hiyo imesahauliwa katika biashara ya michezo ya video, ambayo ni mtaji wa vijana wanaoendesha vibanda vya gemu katika miji yetu.

Mfano ni Cyberpunk 2077 ya kampuni ya CD Projekt ya Poland. Nakala milioni 8 zililipiwa kabla gemu haijatoka tarehe 10 Desemba 2020. Wenye mashine za PlayStation 4 walikuta inakwama na kuzimika. Wiki moja baadaye Sony iliiondoa katika duka lake la intaneti na kuahidi kurudisha fedha. Ilirudi humo Juni 2021. Hisa za kampuni hiyo katika Soko la Warsaw zilianguka, na Desemba 2021 ilikubali kuwalipa wawekezaji walioishitaki Marekani dola milioni 1.85.

Ni kweli gemu hiyo ilirekebishwa baadaye na kusifiwa. Lakini mwenye kibanda hawezi kungoja. Mteja akiona gemu inakwama huhamia kwa jirani, na marekebisho hupakuliwa kwa kifurushi anachokilipia mwenyewe.

Kuuza kitu kibichi si kosa. Duka la Steam linafanya hivyo waziwazi tangu 2013, na mnunuzi hutahadharishwa kwamba huenda kazi isikamilike. Kosa ni kukiuza kama kilichoiva. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini muuzaji aliye ng'ambo hafikiki kirahisi kutoka Katavi.

Mwenye mtaji mdogo asilipie gemu kabla haijatoka. Asubiri wiki chache, awasikilize waliokwisha kuicheza kwenye mashine kama yake. Akiambiwa ni ya majaribio, na bei iwe ya majaribio. Vinginevyo, fedha yake ibaki katika gemu za zamani ambazo wateja wake wanazijua.