Mshale wa kaboni ni poa, lakini utalenga nini?

Kijana wa Kaaleng, Kakuma au Lodwar, kama simu yako ni kama yangu, imejaa video za Wamarekani wakilinganisha mishale ya kaboni: upi mwepesi, upi unapenya zaidi. Ukitazama tatu tu, unaanza kuhesabu pesa. Ngoja kwanza.

Wanaorekodi video hizo wana leseni ya kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka wa 1977, na sheria ya 2013 haikulegeza kamba. Swala utakayemwangusha kando ya laga atakupeleka kortini, mshale uwe wa mti au wa kaboni. Kuingia jela kwa sababu ya kitoweo cha siku mbili ni hasara, buda.

Je, tuachane na mishale? Hapana. Wanaosema upinde wa kisasa ni mambo ya Wazungu wanakosea. Shehzana Anwar, Mkenya, alibeba bendera yetu Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016, na mchezo wake ni huohuo wa kulenga shabaha. Kwa nini anayemfuata asitoke Turkana?

Kwa hivyo ukilinganisha, linganisha kwa ajili ya shabaha. Bei isikudanganye. Angalia kwanza namba ya ugumu, kwa mfano 500 au 340. Namba ikiwa ndogo, mshale ni mgumu zaidi na unahitaji upinde wenye nguvu zaidi. Usipooana na upinde wako, utayumba hata kama ni ghali. Pili, uzito: mshale mwepesi kupita kiasi huharibu upinde. Tatu, usalama: mshale wa aluminiamu ukigonga vibaya hupinda na utauona, lakini wa kaboni unaweza kuficha ufa. Kabla ya kurusha, ukunje kidogo, usikilize kama unalia. Ukilia, utupe. Ukipasuka wakati wa kurusha, vipande vyake vinaweza kukuchoma mkono.

Nanyi viongozi wa kaunti, uwanja wa kulenga hauhitaji mabilioni. Tupeni mkufunzi, pinde chache na kiwanja chenye tuta la udongo nyuma, pasipopita watu wala mbuzi. Shabaha tutajitengenezea wenyewe kwa gunia lililoshindiliwa matambara.

Gunia halikimbii, na halina kesi.