KONA YA NYUMBANI: Kuchagua Chombo cha Safari Ndefu Baada ya Kustaafu



Mwezi huu tunazungumza jambo ambalo katika nyumba nyingi huanza kama mzaha. Baba anasema, "Nikistaafu, mama Neema, nitakupeleka Kigoma ukapande meli." Mama anacheka na kuendelea kuchambua mboga. Miaka inapita. Kisha umri wa kustaafu unafika, 55 kwa hiari au 60 kwa lazima kwa mtumishi wa umma, na ule mzaha unageuka kuwa swali: Je, twende kweli? Kwa chombo gani? Kwa fedha ipi?

Wapo watakaosema kwamba safari za meli ni mambo ya wazungu wazee tunaowaona wakishuka bandarini Dar es Salaam na Unguja. Sisi hatukubali. Mama aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, akalea watoto wake na wa ndugu, naye ana haki ya kuyaona maji makuu aliyoyaumba Mungu akiwa bado ana magoti ya kupandia ngazi. Hoja yetu mwezi huu ni namna ya kuchagua bila kujuta.

Tunakaa njia panda

Wanaoishi Kilosa na Mikumi wamebahatika kuliko wanavyodhani. Kilosa iko juu ya Reli ya Kati, inayokwenda hadi Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba yenyewe ilipita Kilosa kabla ya kuwa meli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika maelfu ya masanduku, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Huko iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Siku hizi Kilosa ina pia kituo cha treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Ukishuka Dar es Salaam kwa treni hiyo, boti za Unguja zinakungoja bandarini.

Mikumi nayo imekaa juu ya barabara kuu ya Zambia. Mabasi ya Mbeya yanapita mlangoni, na Mbeya ndiyo njia ya kwenda Kyela na bandari za Ziwa Nyasa. Anayetaka reli ya TAZARA anaifikia kwa kushika njia ya Kidatu hadi Mang'ula au Ifakara. Kwa hiyo njia tunazo. Linalotusumbua ni kuchagua.

Swali la kwanza: Je, wanahesabu watu?

Tunapenda kuanza na bei, kisha viti, kisha kama kuna chakula. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini swali la kwanza liwe hili: Je, wenye chombo hiki wanajua wamebeba watu wangapi, na wakijaza wanathubutu kukataa wengine?

Historia yetu imetufundisha kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikiwa imepakia Bukoba na Kemondo watu wengi kupita kiasi. Hadi leo hesabu ya waliopotea hutajwa kwa namna tofauti, kwa sababu hapakuwa na orodha ya kuaminika. Mwezi Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, na pale pia idadi ya waliokuwamo ilibishaniwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilitengenezwa kubeba abiria 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220.

Kwa hiyo, mama, ukiona karani anaandika jina lako na namba ya kitambulisho, usinung'unike kwamba anakuchelewesha. Anakuhesabu. Na siku ukiambiwa, "Mama, tumejaa, njoo safari ijayo," usianze kumtafuta mtu wa kukupenyeza. Chombo kilichokuacha gatini kwa sababu kimejaa ndicho chombo cha kurudi kukipanda kesho. Kile kinachokubali kila mtu hakina neno la hapana, na majini neno la hapana ndilo linalookoa.

Ukishapanda, angalia mambo matatu: jaketi la kuokolea liko wapi, mlango wa kutokea uko upande gani, na mizigo imepangwa chini au imerundikwa juu. Usipoyaona, uliza. Na usione haya kushuka kabla ya kamba kufunguliwa.

Majira

Swali la pili ni la wakati. Sisi wa mkoa wa Morogoro tunayajua maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Basi masika ikiwa nzito, usifunge safari kabla ya kusikia habari za njia.

Baharini angalia kusi. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo huo huchafua bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja. MV Skagit ilizama njiani kuelekea Unguja tarehe 18 Julai 2012, siku ya upepo mkali. Ziwa Tanganyika nalo hupigwa na upepo wa kusini katika miezi ya kiangazi. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na umpende nahodha anayeahirisha safari.

Kumbuka pia kwamba vyombo vya zamani huingia matengenezo kwa muda mrefu. Liemba yenyewe imewahi kukaa bila kusafiri kwa miaka. Kwa hiyo piga simu bandarini au stesheni kwanza, ndipo uwaage wajukuu. Jina kubwa la meli halimaanishi kwamba wiki hii inaondoka.

Mwili wako si wa jana

Swali la tatu ni la afya, nalo tusilionee haya. Uliza choo kiko wapi na kiko wangapi kwa kila behewa au sitaha. Mama mwenye kisukari hawezi kupanga foleni nusu saa. Uliza kama kuna ngazi ndefu. Katika vijiji vingi vya Ziwa Tanganyika hakuna gati, na abiria wa meli hupanda na kushuka kwa mitumbwi katikati ya maji. Kijana ataruka. Wewe chagua kushuka bandari yenye gati.

Dawa za presha na sukari zikae katika mkoba wa mkononi, zikiwa za siku kadhaa zaidi ya safari. Anayetumia insulini aulize kabla kama kuna jokofu. Anayesumbuliwa na kichefuchefu akae katikati ya chombo, sehemu ya chini, atazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu, wala asipande akiwa na njaa au ameshiba sana. Kwenye treni na basi, nyosha miguu kila saa. Miguu ya mzee ikikaa imekunjwa kutwa nzima huvimba, na damu inaweza kuganda.

Mume na mke wasitenganishwe

Hili hatulisikii likisemwa mara nyingi. Wanandoa wengi wetu wameishi kwa vipande: baba kituo cha kazi kimoja, mama kingine, likizo zikiliwa na misiba na ada za shule. Safari ya kustaafu inaweza kuwa mara ya kwanza wakae wawili bila mtoto kulia mlangoni. Itakuwa ajabu mkate tiketi halafu mlale mbali mbali.

Basi jueni utaratibu. Katika treni za TAZARA chumba cha daraja la kwanza kina vitanda 4 na cha daraja la pili kina 6, na wanaume na wanawake hutenganishwa isipokuwa mkikodi chumba kizima. Treni ya zamani ya Reli ya Kati ilikuwa na vyumba vya watu wawili katika daraja la kwanza. Kwa hiyo kabla ya kulipa semeni wazi, "Sisi ni mume na mke, tunataka kuwa pamoja." Mkiwa wanandoa wawili mnaofahamiana kanisani, kodini chumba cha vitanda 4 mgawane gharama.

Na mjane je? Asiachwe nyumbani. Akina mama wawili au watatu wa umoja mmoja wanaweza kusafiri pamoja, na chumba cha wanawake watupu kikawa heri kwao.

Fedha

Fedha ya mkupuo inapoingia, kila mtu huikumbuka undugu. Ushauri wetu ni kwamba safari isitoke katika mkupuo kabla paa halijaisha, madeni hayajalipwa, na akiba ya matibabu haijawekwa. Bwana Yesu, katika Luka 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, akasema aketi kwanza ahesabu gharama. Safari nayo ina mnara wake: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, malazi mkichelewa siku mbili, chakula, na fedha ya dharura iliyoshonwa mahali pake. Ikiwa ya kurudi haipo, safari bado haipo. Njia njema ni kuanza kuweka kidogo kidogo miaka mitano kabla ya kustaafu, katika kikundi chenu cha kuweka na kukopa, kwa jina la safari na si kwa jina lingine.

Kama mtoto akikuita kwenye meli kubwa

Wapo wenzetu ambao watoto wao walio ng'ambo wanataka kuwalipia safari ya wiki nyingi katika zile meli kubwa. Ni baraka, ila uliza kabla ya kushukuru. Bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja akiwa na mwenzake chumbani. Anayelala peke yake mara nyingi hulipa karibu mara mbili, na mjane alijue hilo. Meli nyingi huongeza bakshishi ya wahudumu kwa kila siku. Daktari wa melini hulipwa, tena ghali, kwa hiyo bima ya safari ni lazima, nayo hupanda kadiri umri unavyopanda. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele, na viza zihesabiwe kwa kila nchi meli itakayotia nanga, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kisha uliza swali la mama: Je, itakuwaje nikiugua katikati ya bahari, na nani atanirudisha Kilosa?

Mtume Paulo naye alikuwa abiria

Soma nyumbani Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo alisema mapema kwamba majira yamepita na safari itakuwa na hasara. Akida akawasikiliza nahodha na mwenye meli, kwa kuwa bandari haikuwapendeza kukaa. Kaupepo kazuri ka kusini kakawadanganya, wakang'oa nanga, na dhoruba ikawakamata siku kumi na nne. Lakini tazama jambo moja dogo: mwandishi anatuambia walikuwamo watu 276. Waliwajua. Na meli ilipovunjika pale Malta, wote wakafika nchi kavu, hakupotea hata mmoja.

Mungu wetu ni Mungu anayehesabu watu wake mmoja mmoja. Basi tusimkabidhi mzee wetu, wala nafsi zetu, kwa mtu asiyehesabu. Tuchague kwa sala, tuchague wawili, na tukishachagua twende, maana magoti hayangoji.

Mjadili katika umoja wenu

1. Ni safari gani wewe na mumeo mmeiahirisha kwa miaka mingi? Kilichowazuia ni fedha, hofu au mazoea?

2. Umewahi kuona chombo kikijazwa kupita kiasi ukanyamaza? Kwa nini ni vigumu kushuka?

3. Umoja wenu unaweza kufanya nini ili wajane nao wasafiri?

Mungu awatangulie njiani na kuwarudisha salama. Tukutane mwezi ujao.