Mgonjwa wa akili ahitaji wenzake, si dawa pekee

Mwanamume mmoja wa umri wa miaka 31 aliletwa kwangu na mamake kutoka mtaa wa Mowlem, Eastlands, Nairobi. Alikuwa fundi wa kushona nguo kabla ya kuugua ugonjwa wa akili. Alikuwa amelazwa hospitalini kwa majuma sita, akatibiwa, na sauti alizokuwa akizisikia zikanyamaza. Nilimwuliza kama alikuwa akimeza dawa zake, akasema ndiyo. Nikamwuliza kama alikuwa akipata usingizi, akasema ndiyo. Nikaandika katika faili yake kwamba hali ni nzuri.

Mamake ndiye aliyenikosoa. "Daktari," alisema, "dawa anakunywa, lakini kutwa nzima anatazama ukuta. Ameacha kelele tu, hajapona."

Maneno hayo yalinichoma kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwauliza wagonjwa wa aina hii kuhusu dawa, usingizi na hamu ya chakula. Sikuwa nikiwauliza, "Ukiamka asubuhi unafanya nini, na unafanya na nani?"

Wakazi wa Mowlem, Umoja, Kariobangi na Dandora wanayajua maisha ya ploti. Familia nzima hukaa katika chumba kimoja au viwili. Wenye kazi huondoka alfajiri na kurudi usiku. Mgonjwa aliyetoka hospitalini hubaki peke yake, pengine mlango ukiwa umefungwa kwa nje, kwa sababu jamaa zake wanaogopa kwamba atapotea au atachekwa. Majirani wamekwisha kumpa jina. Kazi yake ameichukua mwingine. Chama alichokuwa akichangia kila juma kimemtoa kwa kukosa kulipa. Hivyo ugonjwa humnyang'anya mtu akili yake kwanza, kisha humnyang'anya watu wake. Dawa inaweza kumrudishia akili, lakini hakuna tembe inayomrudishia mtu marafiki.

Yafaa ieleweke jinsi upweke unavyomdhuru mgonjwa. Mtu mwenye huzuni nzito huacha kazi alizozipenda. Akiziacha, siku yake hukosa jambo la kumfurahisha, na huzuni huzidi. Tukingoja mpaka apate hamu ndipo aanze, tutangoja sana. Mara nyingi mikono huanza na moyo ukafuata. Mtu akipanda sukumawiki katika gunia, akifuma kikapu au akipiga ngoma na wenzake, anapata sababu ya kuondoka kitandani na kitu anachoweza kukiona kwamba amekimaliza. Isitoshe, watu wanaofanya kazi pamoja huzungumza bila kulazimishwa. Na asipofika siku moja, kuna atakayeuliza yuko wapi.

Haya si maneno matupu. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti waliunda vikundi vya wanakijiji waliougua huzuni nzito, wakawa wakikutana kila juma kwa majuma 16 kuzungumza na kusaidiana kutatua shida zao. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003. Mwanzoni watu 86 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huo; mwishoni walikuwa chini ya 7. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi hivyo, idadi ilitoka 94 hadi karibu 55.

Mjini Harare, Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianzisha mwaka wa 2006 mpango wa akina nyanya waliopewa mafunzo, ambao huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Baada ya hapo mgonjwa hukaribishwa katika kikundi ambacho watu huzungumza huku wakifuma mikoba kwa plastiki iliyotupwa. Na mjini New York, Marekani, nyumba iitwayo Fountain House imekuwapo tangu 1948. Ilianzishwa na watu waliokuwa wametoka hospitali ya magonjwa ya akili. Hapo wanachama hupika, hupokea simu na huendesha ofisi bega kwa bega na wafanyakazi. Hapa kwetu, chama cha Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, cha watu waliowahi kuugua wenyewe, kina vikundi vya kusaidiana.

Wapo watakaosema kwamba hii ni michezo na kwamba mgonjwa ahitaji daktari. Mimi ni daktari, nami nasema ahitaji vyote viwili. Kikundi hakichukui mahali pa dawa. Mtu anayetaka kujiua, au aliyechafukwa kabisa na akili, apelekwe hospitalini kwanza, na kikundi kimngoje. Asiyetaka kujiunga asilazimishwe. Yanayosemwa kikundini yasitembezwe mtaani.

Kuna hatari nyingine ambayo ni lazima niitaje. Zamani, katika hospitali nyingi za akili duniani, wagonjwa walilimishwa na kufulishwa nguo bila malipo, na ikaitwa matibabu. Tusirudi huko. Vikapu vikiuzwa, hesabu iwekwe wazi na kila mmoja apate haki yake.

Gharama yake si kubwa. Katika mitaa yetu kuna kumbi za makanisa ambazo hukaa tupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Cherehani mbili, magunia ya udongo, rangi na ngoma vinatosha kuanzia. Wahudumu wa afya ya jamii 100,000, waliozinduliwa na serikali Septemba 2023, huingia majumbani na wanaweza kujua ni nani aliyefungiwa. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, imezipa serikali za kaunti wajibu wa kuwatibu wagonjwa na kuwarudisha katika maisha ya kawaida. Kaunti ya Nairobi ianzie Eastlands. Kila wadi iwe na angalau mahali pamoja pa kukutania, na muuguzi wa magonjwa ya akili apite hapo mara moja kwa juma.

Yule fundi alijiunga na akina mama wanaoshona sare za shule katika ukumbi wa kanisa karibu na kwao. Mwezi wa kwanza alikata nyuzi tu. Mwezi wa tatu alikuwa akitia vifungo. Baadaye aliugua tena, nisiwadanganye. Lakini safari hiyo wenzake waliona mapema kwamba halali na anaongea haraka haraka, wakamleta. Alilazwa siku tisa, si majuma sita. Alipotoka, kiti chake kilikuwa kinamngoja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama una ndugu au jirani aliyetoka hospitali ya akili, endelea kumwuliza kama amemeza dawa. Kisha mfungulie mlango, umpe kazi ndogo ya kufanya pamoja nawe.