Mkataba Usio na Sharti

Mnamo Septemba 1993, Rais Bill Clinton wa Marekani alitangaza ushirikiano baina ya serikali yake na makampuni matatu ya magari: General Motors, Ford na Chrysler. Shabaha ilikuwa kuunda gari la familia lenye kwenda kilomita 34 kwa lita moja ya petroli, yaani mara tatu ya magari ya kawaida ya wakati ule, na lenye kutoa moshi mchache. Magari ya mfano yalitakiwa yawe tayari ifikapo 2004.

Mwaka 2000 kila kampuni ilionyesha gari lake la majaribio, lenye injini ya dizeli inayosaidiwa na mota ya umeme. Wataalamu walitimiza wajibu wao. Hata hivyo, hakuna hata moja lililoingia sokoni, na mwaka 2002 serikali ya Rais George W. Bush iliufuta mpango huo. Toyota ya Japani, ambayo haikushirikishwa, ilikuwa ikiuza Prius tangu Desemba 1997.

Kwa maoni yetu, kasoro haikuwa uhaba wa fedha wala wa ujuzi. Makampuni yalitakiwa kuunda magari ya mfano, hayakulazimishwa kuyauza. Yakaendelea kuuza magari makubwa yenye kula mafuta, kwa kuwa ndiyo yaliyoleta faida.

Sisi wa visiwani, ambao petroli hutujia kwa meli, yatupasa tuzingatie funzo hilo. Fedha ya umma inapotiwa katika shughuli ya kampuni, mkataba na utaje siku ambayo mwananchi atakipata kitu chenyewe, na adhabu asipokipata. Bila ya hayo, Serikali huwa imegharimia maonyesho tu.