Akiba ya Damu na Akiba ya Jikoni

Ndugu msomaji, yafaa leo tuitazame akiba ambayo mke wa askari aendapo kujifungua hutumaini kuikuta hospitalini, nayo ni damu. Chembe nyekundu, hata zikitunzwa vema katika baridi, kwa kawaida hudumu siku 42 tu.

Hapo zamani hospitali za wilaya za Rwanda zilitegemea gari kuleta damu. Kwa kuchelea kupungukiwa, kila moja ilijiwekea akiba ya kila kundi. Makundi yahitajiwayo mara chache yalikaa mpaka muda ukapita, yakatupwa. Ilhali hospitali iliyo ng'ambo ya kilima huenda ilikuwa ikiyatafuta.

Mwezi wa Oktoba 2016 Serikali, pamoja na kampuni ya Zipline ya Marekani, ilianza kupeleka damu kwa ndege ndogo zisizo na rubani kutoka Muhanga, kusini-magharibi ya Kigali. Baadaye kikaongezwa kituo cha Kayonza upande wa mashariki. Ndege haitui hospitalini, bali huangusha sanduku kwa mwavuli. Kwa kuwa damu yaweza kufika upesi, akiba hukaa pamoja ghalani, ikatoka pale tu inapohitajiwa. Utafiti juu ya vituo 20, uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health, ulionyesha kuwa damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 baada ya miezi 12.

Wengi huisifu ndege. Mimi nalisifu zaidi daftari la ghala, kwani bila kujua ni mifuko mingapi ya kila kundi iliyopo, ndege hiyo ingekuwa tiara ya watoto.

Jikoni mambo ni yaleyale. Akaaye karibu na soko la Kimironko ana haja gani ya kununua nyanya za wiki mbili? Anunue za siku tatu, na zilizotangulia kuingia zitangulie kupikwa. Kambini, nyumba nne zaweza kununua gunia moja la viazi na kugawana, kuliko kila moja kuozesha lake.

Ghala la damu nalo halijijazi. Nchini Rwanda damu hutolewa na watu wa hiari wasiolipwa. Akina baba na akina mama mnaokwenda kuchangia, kuleni kwanza chakula na kunywa maji ya kutosha.